UZI: Ukipewa kalamu uandike upya sehemu ya mwisho ya tamthilia uliyoipenda, ungeimalizaje?

#1 MsimuWaMwisho (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Jambo hili limenikaa kifuani muda mrefu, leo nimeamua kulifungulia uzi. Kuna tamthilia mtu unazifuatilia miaka mitano, saba, hata tisa. Unajua nani akikasirika anashika kiuno, nani anadanganya huku akitazama pembeni. Halafu inakuja sehemu ya mwisho, na mwandishi anakuamulia ubaki na nini moyoni. Wapo waliotuaga vizuri. Wapo waliotushusha njia panda usiku wakaondoa gari.

Naomba tuziandike upya hizo sehemu za mwisho, ila kwa masharti mawili. La kwanza, usiguse chochote kilichotangulia. Aliyekufa msimu wa tatu amekufa. La pili, usilete mtu wala kitu kipya. Mwisho wako uupike kwa vilivyomo jikoni tayari. Mhusika ambaye hakuwahi kuwa na ndugu asije akapata pacha saa ya mwisho.

Tahadhari: humu tunamwaga miisho yote. Kama kuna tamthilia hujaimaliza, ruka.

Naanza na inayoniuma mimi. *Quantum Leap*, ya Marekani, misimu mitano, 1989 hadi 1993. Daktari Sam Beckett anaingia kwenye mashine yake kabla haijawa tayari, anaanza kurushwa huku na huku ndani ya wakati. Kila akitua anajikuta kwenye maisha ya mtu mwingine. Akijitazama kwenye kioo anaona sura ya mtu huyo, na haondoki mpaka anyooshe jambo lililokwenda kombo. Msaada wake ni rafiki yake Al, anayemtokea kama taswira ambayo watu wa pale hawaioni. Na kila wiki tunakumbushwa kwamba Sam anatumaini mruko unaofuata utakuwa wa kumrudisha nyumbani.

Tarehe 5 Mei 1993 tukafika mwisho. Sam anatua kwenye baa ya mji wa wachimba makaa, siku ileile na saa ileile aliyozaliwa. Anatazama kioo, anaona sura yake mwenyewe. Kutoka pale anakwenda kwa Beth, mke wa kwanza wa Al. Wakati Al ni mateka Vietnam, Beth aliamini amekufa, akaolewa na mwingine, na hilo ndilo donda ambalo Al hakuwahi kupona. Sam anamwambia: mumeo yu hai, atarudi. Picha ya Al iliyo pale chumbani inapigwa na mwanga, kisha skrini inakuwa nyeusi na maandishi yanatokea. Beth hakuolewa tena. Yeye na Al wana mabinti wanne. Halafu mstari wa mwisho: Dk. Sam Becket hakurudi nyumbani kamwe. Na jina lenyewe wamelikosea, wameweka *t* moja badala ya mbili.

Miaka mitano nimemsubiri mtu mlangoni, naletewa kikaratasi cha mstari mmoja chenye jina lililokosewa.

Mwisho wangu: baada ya kwa Beth, mwanga unampiga Sam kama kawaida, safari hii anafumbua macho ndani ya chumba cha mashine. Al amesimama pale, si taswira tena. Anamkumbatia. Mkewe Donna anaingia. Basi.

Karibuni.

#2 MzeeWaMarudio

Uzi mzuri, mleta uzi. Kabla sijachangia niwakumbushe vijana kwamba zamani hata kupewa mwisho kulikuwa bahati. Tamthilia za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 nyingi zilikufa tu. Wiki hii ipo, msimu ujao haipo, hakuna anayekuaga. Na kulikuwa na sababu ya kibiashara: wenye vituo waliamini kwamba mtazamaji akishajua mwisho hatatazama marudio, na marudio ndiyo yaliyokuwa yakiuzwa kwa vituo vingine miaka na miaka.

*The Fugitive* ndiyo iliyoonyesha kwamba watu wana kiu ya mwisho. Daktari Richard Kimble anahukumiwa kifo kwa kumuua mkewe, anaponyoka, na kwa miaka minne anamtafuta mtu mwenye mkono mmoja aliyemwona akikimbia kutoka nyumbani, huku Luteni Gerard akiwa nyuma yake. Tarehe 29 Agosti 1967 wakaonyesha sehemu ya mwisho, na asilimia 72 ya televisheni zilizokuwa zimewashwa Marekani saa ile zilikuwa kwenye kipindi hicho. Mtu wa mkono mmoja anapigwa risasi na Gerard juu ya mnara, Kimble anasafishwa, wanapeana mikono nje ya mahakama.

Wengi mnakumbuka mnara. Mimi nakumbuka jirani, Chandler. Huyu alikuwemo ndani ya nyumba usiku wa mauaji. Aliona kila kitu, akaganda kwa hofu, halafu akanyamaza kwa aibu kwa sababu watu walimjua kama shujaa wa vita. Mtu mwingine anasakwa kama mnyama miaka minne, na yeye anakula, analala, ananyamaza.

Mwisho wangu ningeuweka kwake. Risasi ya mnarani ibaki, lakini picha ya mwisho iwe ndani ya mahakama, Chandler kizimbani akieleza alivyosimama pale ngazini bila kuinua mguu. Kamera iwe usoni kwa Kimble muda wote. Asiseme neno. Kwa miaka minne alidhani kinachomponza ni mtu mwenye mkono mmoja, kumbe ni mwenye mikono yote miwili.

#3 BintiRuninga

Mzee shikamoo. Hiyo ya Chandler imenikaa.

Mimi nitaongelea *ALF*, na sitaki mtu aniambie ni ya watoto. Nilikuwa mtoto, na ile sehemu ya mwisho nililia mpaka nikaulizwa nani kanipiga.

Kwa asiyeijua: kiumbe kutoka sayari nyingine anaangukia kwenye gereji ya familia ya Tanner, wanamficha miaka minne ili kikosi cha jeshi kinachotafuta viumbe wa aina yake kisimpate. Ni mchekeshaji, mharibifu wa vyombo, na akimtazama paka wa nyumbani anaona kitoweo. Tarehe 24 Machi 1990, watu wa kwao wanakuja kumchukua. Anaaga, chombo kinashuka, na hapohapo magari ya jeshi yanatokea. Chombo kinaondoka bila yeye. Anabaki katikati ya duara la askari. Yanatokea maandishi: itaendelea.

Haikuendelea! Kituo kilikata kipindi. Filamu iliyotoka 1996 kuendeleza kisa haina hata mmoja wa familia ya Tanner. Fikiria mtoto anasubiri wiki ijayo, na wiki ijayo haiji.

Sasa mwisho wangu. Mnamkumbuka jirani yao Raquel, yule mbea wa mtaa anayechungulia kila kinachoendelea kwa Tanner? Miaka minne familia inamkwepa yeye kuliko mtu yeyote. Basi usiku ule, kabla ya kwenda kule uwanjani, askari wanapita nyumba kwa nyumba. Wanagonga kwa Raquel. Sisi tunajua huyu ndiye atakayemwaga kila kitu, na tunamwona anavuta pumzi kama afanyavyo anapotaka kuanza umbea. Anawatazama. Anasema: hapa mtaani hakuna cha ajabu, mimi ningejua. Anafunga mlango, anarudi dirishani, anaivuta pazia, na kwa mara ya kwanza anaifunga mpaka mwisho. Kule mbali kuna mwanga unapanda angani.

Hakuna mtu mpya wala kitu kipya. Ni Raquel yuleyule na dirisha lilelile.

#4 KitiChaNyuma

Dada, hilo pazia limemaliza kazi.

Nitaleta ubishi kidogo. Kuna miisho inayotukanwa na mimi naitetea. *The Sopranos*, 10 Juni 2007. Tony, bosi wa genge la mafia, yuko mgahawani na mkewe Carmela na mwanawe AJ, wanakula vitunguu vya kukaanga. Kengele ya mlango inalia kila mtu akiingia, na Tony anainua macho. Mwanamume mmoja aliyekaa kaunta anaelekea chooni. Nje, binti yao Meadow anahangaika kuegesha gari. Kengele inalia, Tony anainua macho, giza. Sekunde kama kumi za giza bila sauti. Watu walidhani kebo imekatika.

Mimi naona ni mwisho wa kweli kabisa. Tony ameishi misimu sita akiinua macho kila mlango unapofunguka. Mwandishi akaturithisha hofu hiyo, tukae nayo sisi.

Lakini mleta uzi ameomba mwisho mbadala, kwa hiyo natoa mmoja usioharibu huo. Tuusimulie kutoka nje. Dakika zote za mwisho tukae ndani ya gari na Meadow. Anarudi nyuma, tairi linapanda ukingo. Anatoka, anajaribu tena. Kwa mbali kupitia dirisha la mgahawa tunaona vichwa vitatu mezani, hatusikii wanachosema. Anaegesha, anakimbia kuvuka barabara, anashika mpini wa mlango. Kengele inalia. Giza. Siri inabaki ileile, ila anayebeba uzito ni binti ambaye kosa lake lote ni kushindwa kuegesha gari kwa wakati.

#5 MsimuWaMwisho (mleta uzi)

Mkuu KitiChaNyuma, mimi nilikuwa kundi la wanaoilaani ile giza. Toleo lako la Meadow ningelikubali hata leo.

Na mnaona? Mzee kachukua jirani. Dada kachukua jirani. Wewe umechukua binti aliyebaki nje. Hakuna aliyeleta mlipuko.

#6 KapuLaKanda

Mlipuko nauleta mimi, maana kuna tamthilia iliishia na mlipuko kweli. *Little House on the Prairie*, 1984. Wakazi wa mji wa Walnut Grove wanagundua ardhi yote ni ya tajiri mmoja, wanapaswa kuondoka. Kwa hasira wanayalipua majengo yao wenyewe, moja baada ya jingine. Inabaki kanisa na ile nyumba ndogo ya familia ya Ingalls.

Wengi hawajui sababu iliyokuwa nyuma ya kamera. Mji ule ulijengwa kwenye shamba la kukodi, na mkataba ulidai ardhi irudishwe ilivyokuwa. Majengo yangebomolewa tu, kipindi kikishaisha. Michael Landon, aliyekuwa Charles Ingalls na pia mwandishi na mwongozaji, akaona badala ya kuacha matingatinga yafanye kazi hiyo bila shahidi, kubomoa kuwe sehemu ya hadithi. Kwa hiyo wale waigizaji unaowaona wanalia, majengo yanayoruka ni yale waliyofanyia kazi miaka yote.

Naheshimu hilo sana. Ila baruti naiondoa. Charles ni mtu wa mbao. Tangu mwanzo tunamwona na msumeno na nyundo, nyumba ile kaisimamisha kwa mikono. Mtu kama huyo halipui. Ningewafanya wabomoe ubao kwa ubao, usiku kucha, kwa taa za mafuta. Charles anang'oa misumari, anainyoosha kwa nyundo, anaitia mfukoni. Kila familia inaondoka na kipande kwenye mkokoteni: mlango, dawati la shule, kibao cha duka. Tajiri anafika asubuhi anakuta nyasi. Shamba limerudi lilivyokuwa, mkataba umetimia, na mji umeondoka na wenyewe.

#7 BintiRuninga

Misumari mfukoni jamani 😭

Niongeze mambo mawili haraka. *How I Met Your Mother* (2014): misimu tisa baba anawasimulia watoto alivyokutana na mama yao, mwishoni mama amefariki na baba anamrudia yule wa zamani, Robin. Kilichowaponza ni kwamba ile picha ya watoto kwenye kochi waliirekodi miaka mingi kabla, mwanzoni mwa misimu, kwa kuhofia watoto watakua. Hadithi ikakua, mama akapendwa, lakini mwisho ulikuwa umeshafungiwa kabatini. Kwenye DVD walitoa mwisho mwingine unaoishia pale stesheni ya treni chini ya mwavuli wa njano. Mimi nautambua huo.

Na *Seinfeld*. 14 Mei 1998, watazamaji kama milioni 76, marafiki wote wanne wa kipindi wanatupwa jela. Watu walikasirika. Mwaka 2024 Larry David, mwandishi yuleyule, akamaliza kipindi chake kingine, *Curb Your Enthusiasm*, kwa kesi ya namna ileile, naye akahukumiwa. Kisha Jerry Seinfeld anakuja kumtoa, hukumu imefutwa, na wawili wanaambizana kwamba hivyo ndivyo ilivyopaswa kuishia ile ya kwanza. Miaka 26 mtu anabeba mwisho wake mkononi! Kwa hiyo tusijione wehu hapa.

#8 MzeeWaMarudio

Hata kisichobadilishwa kwenye karatasi hubadilishwa mezani kwa mhariri. *Blackadder Goes Forth*, ya Uingereza, 2 Novemba 1989. Ni vichekesho vya mahandaki ya Vita vya Kwanza, na mwishoni wote wanaamriwa kutoka handakini kuelekea kwenye bunduki. Walipoirekodi ile mbio ilikuwa fupi na ya hovyo, waigizaji wanaanguka hata hawaaminiki. Ikafika kwa wahariri, wakaipunguza mwendo, wakaondoa vishindo, uwanja wa vita ukayeyuka polepole ukawa shamba la maua mekundu. Mpaka leo ni moja ya miisho inayoheshimiwa zaidi, na mandhari ni ileile ya kubandika, watu ni walewale.

Sasa mleta uzi, nikurudie wewe. Umeweka masharti, umeyavunja mwenyewe kwenye post ya kwanza.

Sam na Al walikutanaje? Al alikuwa mlevi, ndoa zinamwishia mkononi, anaigonga mashine ya vitafunwa kwa nyundo pale kazini. Sam akamtetea asifukuzwe. Urafiki wao ulizaliwa kwenye lile donda la Beth. Ukimwambia Beth asubiri, akasubiri, Al anarudi vitani akakuta mke. Hana sababu ya kulewa, hana nyundo. Huenda hakuwahi hata kufika kwenye mradi wa Sam. Sasa huyo Al anayemkumbatia kwenye chumba cha mashine anatoka wapi? Umempa Sam nyumbani bila kumlipisha gharama ya alichokifanya. Ndiyo maana mwisho wako ni mtamu na haushikiki.

#9 MsimuWaMwisho (mleta uzi)

Mzee, nimesoma hii nikazima simu. Nimerudi baada ya siku mbili.

Uko sahihi kabisa. Nilitaka Sam arudi, nikasahau kwamba usiku ule alitoa kitu. Alimpa Al mke, na kwa kufanya hivyo alijifuta kwenye maisha ya Al. Rafiki pekee aliyekuwa akimwona, hatamjua.

Nimekwenda kuitazama tena sehemu nzima, na jibu lilikuwemo. Ni kile kioo cha baa. Misimu mitano watu wanaokutana na Sam wanaona sura ya mtu mwingine. Safari hii kioo kimeonyesha sura yake. Kwa hiyo anapoingia kwa Beth mwaka 1969, mimi naamini Beth anamwona Sam mwenyewe. Katika watu wote aliowasaidia, huyu mwanamke mmoja anaijua sura yake halisi.

Naandika upya. Maandishi ya kwenye skrini nyeusi nayafuta yote.

Mwanga unatoka kwenye picha ya Al, tunabaki chumbani na Beth. Mgeni hayupo tena. Beth anatazama kiti, anatazama mlango, hakuna mlango uliofunguka. Anakaa. Anachukua ile picha, anaiweka mapajani, anasubiri.

Miaka inapita kwa picha za ukutani tu. Al amekonda, sare inamning'inia, Beth amemshika kama atadondoka. Mtoto wa kwanza. Wa pili. Wanne. Nywele za Beth zinaanza mvi. Pale ukutani, katikati ya picha zote, ameacha nafasi moja tupu yenye msumari. Al ameshazoea kuuliza kwa nini, na Beth ameshazoea kumwambia: kuna mtu namsubiri.

Asubuhi moja kengele inalia. Binti wa mwisho anafungua, mgeni anaomba radhi, anasema nadhani nimepotea, sijui nimefikaje hapa. Al anatoka sebuleni na sigara yake kubwa mkononi. Anamtazama Sam. Uso wa Sam unafunguka kama mtoto aliyeona mzazi sokoni, anainua mkono, anaita: Al.

Al hamjui. Anasema kwa upole, samahani bwana, tunafahamiana?

Mkono wa Sam unashuka. Hapa ningemwacha muda mrefu, kamera isiondoke. Ndiyo gharama, Mzee, naiweka yote mezani.

Kisha nyuma ya Al tunasikia chombo kikianguka jikoni. Beth amesimama mlangoni. Miaka thelathini imepita na yule mtu hajazeeka hata siku moja. Anavuka sebule bila kutazama vipande vilivyo chini, anampita mumewe, anamshika Sam uso kwa mikono miwili, anamgeuza kidogo kwenye mwanga kuhakikisha.

Halafu anamwambia Al, bila kuondoa mikono: vuta kiti. Huyu ndiye aliyeniambia nisubiri.

#10 MzeeWaMarudio

Huo nimeupokea. Weka na jina lake vizuri kwenye maandishi ya mwisho, kijana. *T* mbili.